Waya wa Elfu Themanini na Tano

Kibondo,
9 Machi 2014

Kwa Nasma, mke wangu niliyenyang'anywa na Abbasi,

Salaam nyingi kutoka huku kwa binamu yako uliyemkataa. Mimi mzima, Mwamvua mzima, watoto wanakohoa vumbi tu. Nasikia Kasulu siku hizi mmenenepa.

Nakuandikia barua kwa sababu spika ya simu yangu imekufa. Najua utasema fundi mzima anashindwaje na kaspika ka simu, sema tu, nimeshazoea mdomo wako. Ukiwa na la haraka piga kwa Mwamvua. Meseji sizitaki, maneno sita halafu mtu anaagana. Utani wa binamu unataka karatasi.

Shida yangu ni sauti. Unalijua banda langu la sinema hapa nyuma ya soko, na kazi yangu unaijua. Deki inacheza, mimi nimekaa pembeni na maiki. Mzungu akisema, naishusha sauti yake, nawaambia watu kwa Kiswahili kasema nini, na wale waliotoka Mabamba kuuza ndizi nawaongezea Kiha wasije wakabaki nyuma. Kiingereza chenyewe ni kile nilichookota kambini kwa wakimbizi nikilinda stoo, lakini mwaka wa sita huu kinanilisha.

Sasa sauti ya deki imezama. Ngoma nazisikia, bunduki nazisikia, magari usiseme. Maneno ndiyo yanafika nusu, nusu nyingine inabaki njiani. Nimefungua amplifaya mara nne. Nimebadilisha waya wa deki mara mbili. Juzi niliuchomoa na kuuchomeka mpaka watu wakapiga miluzi. Situlii, binamu. Nikila naufikiria ule waya, nikiswali naufikiria. Ama waya zinazoletwa Kibondo ni takataka, ama masikio yangu yamezeeka na kuniacha mimi kijana.

Kuna dereva wa lori kaniambia mumeo ameleta waya mnene wenye pini za dhahabu. Ni kweli? Bei gani? Nijibu kwa gari hili hili likirudi.

Nisalimie Mjomba Twalibu. Mwambie mpwa wake bado anamwonea wivu kwa meno yake.

Wako uliyemtupa,
Mudathiri


Kasulu,
14 Machi 2014

Mume wangu wa maneno matupu,

Barua yako imefika ikinuka dizeli. Nimeisoma dukani kwa sauti, Abbasi akacheka mpaka akamrudishia mteja chenji ya kuzidi.

Kwanza masikio. Hayo masikio yako hayajazeeka, ni makubwa mno, yamejaa upepo. Tangu utotoni nilisema yale ni ya kupepetea mchele.

Pili waya. Ni kweli, umekuja. Abbasi kanunua Dar es Salaam boksi moja la waya kumi, kila mmoja kwenye kiboksi cheusi kina dirisha la nailoni, ndani umelazwa kwenye kitambaa kama bibi harusi. Unene wake kidole gumba. Pini zimepakwa dhahabu, au rangi ya dhahabu, mimi si sonara. Bei elfu themanini na tano. Usizimie. Wa kawaida bado tunauza elfu tatu, na mpaka leo hakuna aliyeurudisha.

Unauliza kama unafaa? Binamu, huo waya ukimchomekea kiziwi anasikia mpaka majirani wanavyomsengenya. Abbasi anasema sauti inapita humo ikiwa safi kama imetoka kuoga. Mimi nauza, siulizwi.

Ukiutaka tuma hela kwa dereva. Usipoutaka tuma ndizi.

Baba anasema meno yake yapo ishirini na nane, na wewe uhesabu yako.

Nasma


Kibondo,
2 Aprili 2014

Binamu Nasma,

Waya umefika salama, ahsante. Nimeuza baiskeli. Usimwambie Mjomba, ile alininunulia yeye nilipooa.

Niliuchomeka siku ile ile, kabla hata sijanywa chai. Naona kuna nafuu. Naona. Siku ya kwanza nafuu ilikuwa kubwa, siku ya pili ikapungua kidogo, leo sijui niseme nini. Pengine unahitaji kuzoea. Waya mpya huwa unahitaji kuzoea? Mwulize Abbasi, lakini asijue kuwa ni mimi nauliza.

Halafu lile ulilosema kuhusu kiziwi. Najua ulikuwa unatania. Ila nauliza tu, kuna mteja yeyote amewahi kusema hivyo? Mzee, kwa mfano, mwenye masikio mazito, akasema tangu anunue waya huu anasikia redio yake vizuri? Nauliza kwa ajili ya mteja wangu mmoja hapa.

Siku hizi watu bandani wanacheka mahali ambapo sijasema cha kuchekesha. Nageuka nawatazama, wananyamaza. Jumapili nilisimamisha sinema katikati nikauliza nani ana neno. Wakatazama chini. Nikaendelea, na baada ya muda wakaanza tena. Nimeanza kuwachukia wateja wangu, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Kama kuna waya wa namna hiyo hiyo wa kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika, niambie bei.

Mudathiri


Kasulu,
11 Aprili 2014

Mudathiri,

Leo sina utani.

Jumatatu Baba alianguka akienda kuoga. Upande mmoja wa mwili umelegea na maneno yanatoka kwa shida. Tukamkimbiza hospitali, amelazwa. Jioni ile nilipiga simu kwa Mwamvua, akakupa. Nikakwambia, "Baba ameanguka, amelazwa, hawezi kusema." Ukanijibu, "Alhamdulillah, sisi wazima, msalimie sana Mjomba." Nikarudia. Nilikuwa nalia. Ukasema, "Sawa sawa, tutaonana inshallah," ukamrudishia mkeo simu.

Nimekaa siku nne nikitafuta njia ya kukusamehe. Utani wetu nauelewa, nimekua nao. Lakini mtu anaambiwa mjomba wake amelazwa anasema alhamdulillah? Mjomba aliyekulipia shule? Abbasi anasema labda hela za banda zimekupanda kichwani. Nilimkatalia.

Waya wa spika upo. Elfu tisini. Sijui kwa nini nakujibu hata hilo.

Nasma


Kibondo,
20 Aprili 2014

Nasma, ndugu yangu,

Nisamehe. Kulikuwa na kelele bandani, jenereta la jirani lilikuwa linawaka, sikuelewa. Wallahi sikuelewa. Mwamvua ndiye aliyenieleza baadaye.

Nitakuja kumwona Mjomba. Wiki hii barabara imekatwa na mvua, wiki ijayo nina sinema mpya, lakini nitakuja. Mwambie. Hapana, usimwambie, asije akanisubiri. Mwambie tu nasalimu.

Weka ule waya wa spika, usimwuzie mtu mwingine. Nimepata mnunuzi wa ile deki ya akiba. Nikishapata na ule, shida itakuwa imekwisha, nitatulia, nitakuja Kasulu na kukaa siku tatu.

Ndugu yako,
Mudathiri


Kibondo,
17 Mei 2014

Kwa wifi yangu Nasma,

Mwakeye wifi. Ni mimi Mwamvua. Mwandiko wangu si mzuri na Kiswahili changu unakijua, utanivumilia. Barua hii nimempa Odilia, mwalimu wa watoto, anakwenda Kasulu kufuata mshahara. Mudathiri hajui kama nimeandika, na nakuomba asijue.

Wifi, usimwuzie waya tena.

Nakueleza nilichofanya. Baada ya baiskeli kuondoka na deki ya akiba kuondoka niliona uchungu. Nikasema hebu nijaribu huo waya wa dhahabu una nini. Asubuhi alipokwenda sokoni niliuchomoa, nikauficha kwenye debe la unga, nikachomeka ule wa zamani uliochakaa. Nikafunika kwa kitambaa kama yeye anavyofunika. Akaja, akawasha, akaketi na maiki yake. Baada ya sinema akaniambia, "Mwamvua, leo waya umekubali. Leo nimesikia vizuri."

Nilicheka moyoni. Nilisema basi, nimemkamata, nitamwonyesha. Lakini nikataka nimkamate kabisa. Siku ya tatu niliuchomoa hata ule wa zamani. Sikuweka kitu. Kitambaa kikafunika patupu.

Wifi, sinema ilicheza bila sauti. Watu wakatazamana. Yeye akachukua maiki akaanza. Anatazama picha, midomo ya Wazungu inacheza, naye anasema yao kwa Kiswahili, na Kiha, anashusha sauti ya deki ambayo haipo, anaipandisha, anashusha tena. Alisema sinema nzima hivyo. Aliwaambia kuwa yule mwanamke anadai shamba la baba yake. Pale hapakuwa na shamba, wifi, ilikuwa habari ya ndege. Watu wakaanza kucheka, halafu wakaacha kucheka wakawa wanasikiliza, na mwisho walipiga makofi. Akatoka ananiangalia, anatabasamu, akasema, "Umeona ule waya?"

Nilikwenda nyuma ya banda nikalia. Niliurudisha waya kabla hajakagua.

Sasa nimeelewa mambo mengi. Kwa nini ananikasirikia nikimwita nikiwa jikoni. Kwa nini anamtazama mtu mdomoni. Kwa nini amekataa simu. Barua yako ile ya waya anatembea nayo mfukoni mwa shati, ile yenye neno la kiziwi. Imekunjwa mpaka imechanika katikati, naye ameibandika gundi.

Usimwambie nimekuambia. Lakini wewe ni binamu yake, wewe anakusikiliza. Mimi nikisema neno hilo ataondoka nyumbani.

Pole na ugonjwa wa Mzee. Tunamwombea.

Wifi yako,
Mwamvua


Kasulu,
25 Mei 2014

Mudathiri,

Waya wa spika sikuletei. Umeshakaa kwenye mtandio wangu mara tatu ukisubiri gari, na mara tatu nimeurudisha kwenye rafu.

Nisikilize. Juzi nilimkalisha Abbasi dukani akatazama ukuta. Nikaweka wimbo mmoja, anaoujua, mara kumi. Mara nyingine kwa waya wa elfu themanini na tano, mara nyingine kwa wa elfu tatu, namwuliza huu upi. Alipatia mara nne. Huu wa elfu tatu aliusifia mpaka akafumba macho. Nikamgeuza akaona. Akasema, "Mtu hanunui sauti, Nasma. Ananunua kiboksi." Bado anawauzia maofisa wanaojenga huko Buhigwe, hilo ni lake. Mimi nimeacha kuzigusa. Ukiuleta ule wako nitakurudishia hela yote, na Abbasi ameshaambiwa.

Basi waya si mbovu. Hata ule wa kwanza kabisa haukuwa mbovu. Na amplifaya uliyoifungua mara nne haina kosa. Unajua kinachobaki, na mimi najua. Usiniulize nimejuaje. Mtu anayeambiwa baba yangu amelazwa akajibu alhamdulillah, ningepaswa kujua siku ile ile, nami nilikuwa nimejaa hasira tu.

Nenda hospitali. Pengine ni uchafu tu, wanasafisha unarudi nyumbani.

Na lile neno la kiziwi nililoandika, Mudathiri, naliona aibu mpaka nashindwa kula mbele ya watu. Nilikuwa nauza. Nilikuwa nacheka na wewe kama siku zote. Nisamehe.

Nasma


Kibondo,
8 Juni 2014

Nasma,

Barua yako niliichana. Halafu nikaokota vipande nikaviunga, nikasoma tena, ndiyo maana nimechelewa.

Ni Mwamvua aliyekuambia. Usikane. Nilikuta unga kwenye pini za waya.

Mmekaa nyinyi wawili mkanipima kama mbuzi wa mnada. Mmoja ananichomolea waya, mwingine anamgeuza mumewe ukutani. Mngekuja mkaniuliza. Ningewadanganya, lakini mngekuja.

Unasema unaona aibu kwa neno ulilotania. Mimi nilikuambia kabla yako. Soma barua yangu ya kwanza kama bado unayo. Nilisema masikio yangu yamezeeka. Nilikaa siku mbili kabla ya kuandika neno lile, nikaliweka katikati ya mzaha ili nikiona umeshtuka niseme nilikuwa natania. Hukushtuka. Ukaniambia nipepetee mchele. Na sikuweza hata kukukasirikia, kwa sababu wewe ni binamu, hiyo ni haki yako, na mimi ndiye niliyekuchagua wewe kwa sababu hiyo. Kwa mwingine nisingethubutu hata nusu yake.

Nimejua tangu Idi ya mwaka jana. Imamu alikuwa anatoa hotuba, nikaona midomo inacheza na watu wanatikisa vichwa, nami nikatikisa. Tangu siku ile natikisa kichwa. Nimekuwa bingwa. Mtu akinijia sokoni namtazama uso. Akiwa na huzuni nasema pole, akicheka nacheka. Kwenye simu hakuna uso. Ndipo nilipokukosea.

Sasa nikuambie kwa nini waya. Unamkumbuka mama yangu. Shangazi yako Asia. Masikio yake yalikufa nikiwa darasa la tano. Mwanzo watu walikuwa wanamwambia jambo kwa kupaza sauti. Halafu mara mbili. Halafu wakaanza kusema, "Ah, acha, si neno." Miaka saba alikaa pale jikoni Rungwe Mpya, watu wakipita, wakiongea juu ya kichwa chake, wakimwekea sahani mbele. Hakuna aliyemchukia. Tulimpenda wote. Tuliacha tu kumwambia mambo.

Siku baba alipofariki shambani, watu walijaa uani. Mikeka ikatandikwa, viti vikatolewa. Mama alikuwa anachagua maharage. Mimi nilidhani bibi amemwambia. Bibi alidhani shemeji zake wamemwambia. Wewe ulikuwepo, Nasma, ulikuwa na miaka kumi, ulibeba mkeka ukapita mbele yake. Jeneza la msikitini likaingia. Mama akainuka na ungo wake, akanishika mkono, akaniuliza, "Ni nani amekufa?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikimbia. Alikwenda mwenyewe akafunua shuka.

Ndiyo maana. Ukisema waya ni mbovu, watu wanakuletea waya. Wanakuja bandani, wanakushauri, wanabishana, huyu anasema badili pini, huyu anasema funga kwa foili. Unakuwa mtu mwenye shida na watu wamekuzunguka. Nilinunua hicho, si sauti. Elfu themanini na tano hazikuwa nyingi. Ningekuwa na baiskeli nyingine ningeiuza pia.

Usinirudishie hela. Kuhusu hospitali sijui. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mudathiri


Kibondo,
4 Agosti 2014

Nasma,

Natumaini Idi ilikuwa njema kwenu. Mwamvua anasema Mjomba amerudishwa nyumbani na anakaa kitandani akiegemezwa mito. Hayo kaniandikia mke wangu kwenye kibao cha watoto, chaki na kibao, ndiyo mtindo wetu sasa. Tuligombana wiki mbili kwa chaki. Imenisaidia, maana ukigombana kwa chaki huwezi kusema mengi.

Nilikwenda hospitali. Daktari ni Mhaya, jina lake Longinus, mpole mno, anaongea huku ameshika kalamu. Alisimama nyuma yangu akasema maneno, nami nirudie nitakayoyasikia. Sikurudia hata moja. Nilidhani bado hajaanza. Si uchafu. Anasema ni zile spika, miaka sita nimekaa ubavuni mwazo, na pengine na damu ya mama. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kwenda polepole. Mwanza kuna vifaa vya kuvaa sikioni. Vinasaidia kiasi, si kama zamani. Ameniandikia karatasi ya kwenda. Nimeiweka mfukoni, namo mfukoni imekaa. Kila asubuhi nasema naondoka kesho.

Bandani niliwaambia. Nilisimama mbele, nikashika maiki, nikasema sinema nawasimulia ninavyoiona, Wazungu siwasikii tena, asiyetaka arudishiwe kiingilio. Wanne waliondoka. Mmoja akasema kitu watu wakacheka, sikujua ni nini, na mpaka leo hakuna aliyeniambia. Hicho ndicho kinachonitafuna. Wanne walioondoka nimeshawasahau. Namfikiria yule mmoja, natazama midomo ya kila anayeingia, nasema ni huyu, hapana, ni huyu. Sikai. Natembea mpaka stendi narudi, natembea tena.

Wakati wa Kombe la Dunia palijaa, maana mpira hauhitaji masikio. Sasa pamepungua kidogo. Tunakula.

Nakuandikia kuomba jambo moja, halafu utaniambia kama ni kubwa. Usiache kuniambia mambo. Hata ya kipuuzi. Nani kaachana na nani, Abbasi kabishana na nani, mvua imenyesha saa ngapi. Ukiona jambo ni dogo halistahili karatasi, ndilo ninalotaka. Na likiwa kubwa, nisiwe wa mwisho. Sikuombi nisikie. Naomba nisiwe ninayeuliza.

Binamu yako,
Mudathiri


Kasulu,
9 Agosti 2014

Mume wangu mwenye karatasi mfukoni,

Nimepokea. Si kubwa.

Haya. Mvua haijanyesha, vumbi limeingia mpaka kwenye vioo vya saa dukani. Abbasi amegombana na fundi aliyepaka rangi mlango, alitaka kijani cha msikiti akapewa kijani cha kabichi, na sasa wateja wanauliza kama tunauza mboga. Jirani yetu Faudhia amerudi kwao bila kuaga. Wanasema ni mume. Mimi nasema ni mama mkwe, nimemsikia kwa masikio yangu akimhesabia vipande vya nyama. Nimeongezeka kilo mbili, na ukimwambia mtu nitakana.

Baba anakuulizia. Maneno yake yanatoka nusu, anashika shati la mtu akitaka kusema, na watu wameanza kumjibia kabla hajamaliza. Juzi niliwafukuza wote chumbani. Nikakaa. Ilichukua robo saa akasema, "Mudathiri aje." Nilimwambia utakuja na kibao chako. Akacheka upande mmoja.

Njoo basi. Na kwenda Mwanza nitakusindikiza, Abbasi amekubali, ingawa anasema ukipotea Mwanza atafurahi maana atabaki na mke peke yake. Habari ya yule aliyewachekesha watu bandani nimemwuliza Mwamvua. Yule mtu alisema, "Kumbe alikuwa anasikia?" Ndicho kilichowachekesha, yaani walishajua zamani kuwa hadithi ni zako, si za sinema, nazo zilikuwa tamu wakaja hivyo hivyo. Sasa umejua, acha kutembea mpaka stendi.

Nasma


Kasulu,
21 Agosti 2014

Mudathiri,

Naandika nikiwa nimesimama. Dereva wa gari la Kibondo amenipa dakika tano, ameniahidi mkono kwa mkono, atakufuata mpaka bandani na hatampa mtu mwingine.

Baba amefariki asubuhi hii, baada ya alfajiri. Nilikuwa peke yangu naye. Alikuwa ametulia.

Nimemfunga kidevu, nimemfunika, nimefunga mlango, nikaja stendi. Abbasi yuko dukani, hajui. Ndugu zangu hawajui. Ningempigia Mwamvua, simu ingefika upesi kuliko gari, lakini ungeyaona usoni mwake kabla hajashika chaki, ukaanza kuuliza. Nimekataa hivyo.

Tutazika kesho baada ya adhuhuri. Hawatamwinua kabla hujafika, nitakaa mlangoni mwenyewe.

Huko Kibondo hakuna anayejua bado. Mwambie Mwamvua.

Nasma